Kasha la Melchior

Bujumbura, Aprili 2002

Shemeji Maxime,

Nisamehe kukaa kimya hivi. Sisi tunapumua. Chanelle ameng'oka jino, mvua imeangusha mahindi ya shamba letu la Carama.

Kompyuta ya kaka yako Melchior nimeihamishia kwenye kasha jipya la chuma, maana nataka kuanza tena kuwachapia watu barua. Lile la zamani lilitobolewa na risasi siku wenye bunduki walipomchukua Melchior mezani pake, na mpaka leo hatujapata maiti. Dukani kwa Azzan niliyapima makasha kwa shubiri, akacheka: "We mama Chanelle, unachagua boksi ao bwana?" Halafu akaona aibu. Nikachukua pana, ile kadi kubwa ya ndani ya kompyuta ienee.

Nilipokuwa nakaza skrubu, Chanelle akauliza, "Mama, na papa anahamia humo?"

"Apana, mutoto wangu." Nikakaza mno, skrubu ikakatika.

Mama mukwe hataki lile la zamani litupwe. Kila asubuhi analigonga, anamuita mwanawe, kisha anatega sikio. Siku moja na mimi nikajikuta nimetega. Basi Jumapili nikamwambia, "Mama, tulizike, tuondoe matanga."

Aliligonga tena. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini apana tupu."

Tutalizika Carama. Kwa hiyo nitumie feni ndogo, skrubu fupi za kushikia diski kwa hili jipya, na kwa lile la zamani ile shati yake aliyoisahau kwako Kigoma. Usiifue.

Shemeji yako,
Daphrose