Mpishi wa Meli Iliyozama

Matuu, Agosti 1999

Baba Kavata,

Huku sisi hatujambo, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Video ya meli kubwa iliyozama bado inajaza kibanda changu kila siku ya soko. Watu hawasikii Kizungu, kwa hivyo nasimama kando ya televisheni nikiwaelezea kwa Kikamba. Kazi hiyo hakuna anayeniweza.

Juzi mama mmoja wa Kithimani aliuliza mpishi wa meli ameenda wapi. Mpishi kama wewe! Nikamjibu kwamba alipanda mashua ya mwisho, akafika kwao salama. Njoki, anayeuza chai mlangoni na amesoma, akadakia: "Mama Kavata, si huyo amekufa maji? Mbona unadanganya watu?"

Nikamwambia anayeeleza hapa ni mimi.

Kampuni yenu inasema meli yenu haijasikika tangu Pasaka. Mama yako anataka tukae matanga. Nimekataa, na barua hii naituma kwa sanduku lako la Mombasa kama kawaida.

Ukishuka Matuu, usikimbilie nyumbani. Pitia kibandani kwanza, Njoki akuone.

Ni mimi wako,
Mama Kavata