Wimbo Wangu Uliohama Lambwe

Jumamosi, Mbita

Bado nacheka peke yangu. Na nimeudhika kidogo pia.

Nimekuja huku kurekodi nyimbo za zamani za kitabu changu cha historia. Mama Akinyi, mwenyeji wangu, akaniimbia huku akianika omena, dagaa wa ziwani: jinsi watu walivyohama bonde la Lambwe wakikimbia mbung'o. Ubeti wa kwanza tu nikashtuka. Ni wimbo wangu! Niliwaandikia wanakwaya wa Rongo, zamani.

"Ulitungwa na nani, mama?"

"Nani anajua? Nyanya yangu aliuimba akisaga mtama."

"Mama, mimi ndiye niliyeutunga."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe, mwalimu? Haya, imba."

Nikaimba. Kwenye ubeti wa pili akanikatiza: "Na ng'ombe kipofu aliyeachwa nyuma, umemsahau?"

Sikuwahi kumweka ng'ombe yeyote. Lakini bila yeye, sasa nauona wimbo ule mtupu kabisa.

Wasiwasi wangu ni kitabu. Mwanahistoria hafai kudanganya, kwa hiyo jina langu lazima liandikwe. Ila mtunzi ndani yangu anafurahi kuwa wimbo umekuwa wa watu wote.

Nimeandika: "Umetungwa na mimi na Mama Akinyi." Kesho nitamsomea. Najua atakataa jina langu.