Kaseti ya Kisima cha Zinga

Zinga, 6 Mei 2025

Bibi yangu Raya,

Shikamoo. U hali gani na eda? Sisi wazima, mama anakusalimu. Simu umeizima, ndiyo maana naandika. Abdulrazak wa bajaji atakuletea.

Bibi, mwenyekiti wetu Sufiani anataka kuuza kiwanja chenye kisima, kile ambacho uliwaimbia wanawake mpaka wakakichimba wenyewe. Mkutano ni Jumapili. Wanaopinga wanataka niipige kaseti yako ya siku ile ya kuchimba. Nikasema una eda, nikuulize kwanza. Bi Mwanajuma, naye aliyechimba, akanicheka: "Kwani kaseti nayo imefiwa?" Sijui kubishana, unanijua. Unaruhusu?

Mjukuu wako, Nadhira

Bagamoyo, 8 Mei 2025

Nadhira,

Marahaba. Alhamdulillahi, nakula, usingizi ndio haba.

Babu yako ndiye aliyeshika redio nikirekodiwa. Leo yuko kaburini, nami nimo ndani, halafu sauti yangu itumbuize uwanjani? Hapana. Mwambie Mwanajuma mumewe yu hai, ndiyo maana ana maneno. Kisima kinaniuma, lakini wimbo, hapana.

Bibi yako

Zinga, 12 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Unaendeleaje?

Kaseti sikuipiga. Ila naogopa nimekukosea kwa njia nyingine. Sufiani alisema kisima hakina mwenyewe, watu wakainama. Nikakumbuka kwamba kwenye kaseti, kabla hujaimba, unawasalimu wachimbaji kwa majina. Nikasimama, nikayataja kama unavyoyataja. Nilipofika "Zaina mama Sufiani, mtoto mgongoni, jembe mkononi," Sufiani akauliza, "Mama yangu?"

Bi Mwanajuma akadakia, "Anayelia kwenye kaseti ni wewe, mwenyekiti! Ulitusumbua tangu asubuhi."

Uwanja ukaangua kicheko. Naye akacheka, kisha akajifuta macho. Ametamka mbele ya wote kwamba kiwanja hakiuzwi.

Bibi, nimeivunjia heshima eda yako? Nijibu upesi, chakula hakipiti.

Mjukuu wako, Nadhira

Bagamoyo, 14 Mei 2025

Nadhira wangu,

Marahaba. Kula, mwanangu. Kuwataja watu si ngoma.

Nimecheka hadi wifi yangu Adila akaja kuchungulia mlangoni, akidhani msiba umenichukua akili. Tangu babu yako aondoke sijapumua hivi. Nikitoka eda nitakuja kuimba hapo kisimani, na majina utayataja wewe.

Sufiani yule alinililia ubeti mzima. Babu yako akataka turekodi upya. Zaina akakataa: "Muacheni alie, kisima ni chake pia."

Bibi yako