Nilificha Fyuzi Ili Baba Mkwe Asipande Mlima

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nimefanya jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia, na ninayemficha ni mtu aliyenifundisha kazi ninayoringia nayo.

Mimi ni dereva wa trekta. Si lile kubwa la mashamba ya kampuni, ni dogo, lina kiti kimoja, ukisimama kando yake boneti inakufika kifuani, lakini ni la kikundi chetu cha kaya kumi na mbili na ufunguo nilikabidhiwa mimi kwa kura ya kunyoosha mikono, na nikwambie ukweli, mshauri, siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeushika mkononi ili kila mtu auone. Mashamba yetu yote yako mlimani, hakuna hata moja lililo tambarare, na miaka yote yalilimwa kwa jembe la mkono mpaka migongo ikapinda, sasa mimi nayamaliza yote kumi na mawili kabla mvua haijashika.

Aliyenifundisha ni baba mkwe wangu. Watu wanamwita Giaboksi kwa sababu aliendesha matrekta makubwa kwa miaka thelathini na mmoja, na anaweza kuwa amekaa sebuleni, trekta likapita barabarani, akakwambia liko gia ya ngapi na kama dereva anajua kazi au anabahatisha. Yeye ndiye aliyenipandisha kwenye kiti wakati mume wangu, ambaye ni muuguzi na anaogopa hata pikipiki, alisema hiyo si kazi ya mwanamke, baba mkwe akamjibu, "Wewe nilikufundisha wiki mbili ukaniangushia banda. Nyamaza mwenzako ajifunze."

Tatizo lilianza mwaka jana, nilikuwa nakata ubavu wa mlima nikahisi gurudumu la upande wa juu limeinuka likaning'inia hewani, kitambo kidogo tu, kama cha kuhesabu moja mbili, kisha likarudi chini, nikazima injini nikashuka nikakaa kwenye nyasi miguu ikitetemeka. Sikumwambia mtu. Nilikiomba kikundi kinipeleke kwenye mafunzo ya siku tano, nikarudi nikalibadilisha trekta lote: magurudumu ya nyuma nikayahamisha, la kushoto nikalipeleka kulia na la kulia kushoto, ili bonde la ringi, pale chuma kilipobonyea, ligeuke na kila gurudumu litoke nje upana wa kiganja, ndani ya matairi yale nikajaza maji robo tatu ili uzito ukae chini, upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti, unaomkinga dereva trekta likipinduka, nikausimamisha, mkanda wa kiti nikawa naufunga kila ninapopanda, na kukata ubavu nikaacha kabisa, sasa napanda mlima kinyumenyume ili jembe zito la nyuma libaki upande wa juu, halafu nalima nikishuka. Watu walicheka wakaniita Rivasi. Wacheke, gurudumu halijainuka tena.

Mwezi huu nikaenda kwa dada yangu aliyejifungua, nikakaa siku sita, kurudi nakuta trekta limekuwa jembamba kama zamani, upinde umelazwa, na sakafu ya banda ni tope tupu. Baba mkwe amesimama pembeni ana furaha kama mtu aliyekuletea zawadi.

"Nimekutengenezea," akasema. "Lilikuwa limekaa kama chura."

"Baba, na maji je?"

"Maji ni ya radieta, mwanangu. Tairi linataka upepo. Nani alikudanganya?"

"Mwalimu wa mafunzo."

"Ameendesha miaka mingapi?"

"Sikumuuliza."

"Mimi thelathini na mmoja, na sijaangusha hata toroli."

Nikamwambia yale yalikuwa mashamba tambarare, Baba. Akaniangalia, akasema udongo ni udongo, halafu akanitangazia kwamba vikundi vitatu vya milima ya jirani vitakapokuja kuangalia tunavyolima, mwisho wa mwezi, yeye ndiye atakayepanda, na atapanda akiangalia mbele kama watu, tena mazoezi anaanza kesho yake.

Mshauri, ana miaka sabini na mbili na sijawahi kumwambia hapana. Asubuhi ya mazoezi, akiwa bado anaoga, nilikwenda bandani nikachomoa fyuzi moja, kidude kidogo kama ukucha kinachopitisha umeme wa kufungulia dizeli, nikakificha kwenye kopo la vifungo. Bila hicho injini inazunguka lakini haiwaki. Matrekta ya enzi zake hayakuwa nacho, nilijua hatakitafuta.

Nilidhani baada ya saa moja atachoka. Leo ni siku ya nne. Siku ya kwanza alitega sikio akasema bila kusita, "Hii injini haiumwi." Hata hivyo akatoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, akabadilisha chujio, siku ya pili akaifungua pampu nzima akaipanga vipande vipande juu ya gunia safi, akairudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Mama mkwe alimpelekea chakula akamwambia, "Mimi hukunichunguza hivyo hata uliponioa," na mzee hakucheka. Jana mchana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imejaa dizeli, akaniita.

"Wewe unasikia nini?" akaniuliza. Hajawahi kuniuliza hivyo tangu niolewe.

Nikasema sisikii kitu.

"Nami sisikii. Labda masikio yamekwenda," akasema, akazifuta spana moja moja akazirudisha kwenye boksi, na leo hajatoka kabisa kwenda bandani, amekaa ndani na redio ameizima.

Nikirudisha fyuzi atapanda mlima na trekta lile lilivyo sasa. Nisiporudisha namuua kwa njia nyingine. Nifanye nini?

Ni mimi, Rivasi

*

Rivasi,

Barua yako ilifika Jumatano na jibu hili nilikutumia kwenye simu siku hiyohiyo, kwa sababu mzee aliyekaa ndani na redio imezimwa si wa kusubiri gazeti la Jumapili. Nalichapa sasa kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wengine wanaolima milima kama yako.

Umeleta kesi mbili ukazifunga kwenye kifurushi kimoja. Moja ni ya vyuma, na hapo uko sahihi. Nyingine ni ya watu, na hapo umekosea, tena zaidi ya unavyodhani.

Nianze na vyuma. Nilimpigia mkufunzi mmoja wa madereva, si yule aliyekufundisha, nikamsomea barua yako bila kukutaja. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza kama upinde umelazwa kweli. Kisha akasema hivi: trekta dogo lenye magurudumu yaliyobana, matairi ya upepo mtupu na upinde uliolala, juu ya mteremko, haliokolewi na uhodari wa dereva. Linapoanza kulala linachukua muda mfupi kuliko wa kugeuza usukani. Upinde na mkanda vinafanya kazi pamoja: upinde ukisimama bila mkanda, dereva anatupwa nje na chuma kinamfuata, mkanda ukifungwa na upinde umelala, dereva amefungwa mahali pa kuangukiwa.

Ana masahihisho mawili kwako. Ukishahamisha magurudumu, endesha saa moja kwenye njia ya kawaida halafu ukaze nati zote tena, maana hulegea. Na kwa kuwa unalima ukishuka, maji ya mvua yatafuata mifereji yako, kwa hiyo acha mikanda ya nyasi ikatize shamba kila baada ya hatua kadhaa, usiilime hata ikikuudhi. Mengine hakuwa na la kuongeza. Alisema, "Huyo dada akitaka kazi ya kufundisha, mpe namba yangu." Nimeambatanisha namba. Una haki ya kuringa, Rivasi, na mimi ningeushika ufunguo huo mkononi vilevile.

Sasa watu. Unadhani kosa lako ni fyuzi. Nimeisoma barua yako mara tatu na kosa lako liko mwaka jana. Gurudumu liliinuka, ukakaa kwenye nyasi, na katika nyumba yenye dereva wa miaka thelathini na mmoja hukusema neno. Ukaenda mafunzoni, ukarudi, ukalipanua trekta mbele ya macho yake bila kueleza kwa nini. Yeye aliona nini? Aliona mwanafunzi wake amekwenda kwa mtu mwingine akarudi na maji ndani ya matairi. Ulipoondoka siku sita akakusaidia kusahihisha, kama mwalimu yeyote angefanya. Mzee huyu hakukataa sababu. Hakuwahi kupewa sababu.

Ulimficha hofu yako, halafu ukamficha fyuzi. La pili limezaliwa na la kwanza.

Na tazama ulichokifanya. Alitega sikio siku ya kwanza akasema injini haiumwi. Alikuwa sahihi. Ulimwacha siku tatu akihangaika mpaka akafungua pampu nzima, na alipokuuliza unasikia nini, ukamjibu husikii kitu. Umemkinga mwili ukamnyang'anya kitu kilichompa jina mtaani. Nakuelewa, ulimpenda ukaogopa. Lakini usiniambie huwezi kumwambia hapana. Fyuzi ilikuwa hapana, ulichokwepa ni kuisema.

Fanya hivi, leo, kabla ya chakula cha jioni. Usianze kwa mume wako, atakuja na makelele yake na mzee atajitetea badala ya kusikiliza. Ingia alipokaa, mpe fyuzi mkononi, na useme: "Baba, masikio yako ni mazima. Mimi ndiye niliyeitoa." Kisha nyamaza. Akikufokea, fokewa. Akinyamaza, subiri, usijaze ukimya kwa kulia.

Akitulia, mpeleke pale gurudumu lilipoinuka. Muonyeshe kwa mguu wako ulikuwa wapi na uliona nini. Usimsomee alichosema mwalimu wa mafunzo, mwambie ulivyotetemeka. Dereva wa miaka yote hiyo anajua mtetemeko huo hata kama hakuwahi kukiri, na ukimuuliza vizuri huenda akakusimulia siku yake mwenyewe ya kutetemeka.

Magurudumu yarudisheni pamoja. Mwachie nati, anakaza vizuri kuliko wewe, na mtu aliyekaza nati kwa mkono wake hafungui tena alichokikaza. Maji jaza wewe, valvu ikiwa juu, yakifika kwenye valvu acha. Upinde simamisha. Kama aliulaza kwa sababu banda ni fupi, inueni banda.

Hilo trekta lisitie gurudumu mlimani kabla ya hayo kukamilika, hata kama wageni wamefika na wamekaa kwenye viti. Kaya kumi na mbili zilinyoosha mikono kwa ajili yako, hazikunyoosha kwa ajili ya ukoo wa mume wako. Akitaka kupanda siku ya wageni, apande, miaka sabini na mbili si ugonjwa. Lakini kwanza aje mazoezini siku nne, apande kinyumenyume, mkanda kiunoni, na wewe ndiye mwalimu. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Alikutetea mbele ya mwanawe ili uwe dereva. Akiona umekuwa, ataudhika kwa mdomo na kuvimba kwa fahari moyoni, na hilo la pili hatakuambia, usilingoje.

Na kama atakataa mkanda? Basi siku hiyo utie ufunguo mfukoni na useme mbele ya wageni, kwa adabu na kwa sauti inayosikika: "Baba, leo hapana." Kisha panda wewe, na ulime vizuri kuliko siku zote. Atanuna, labda wiki, labda mwezi. Mwache anune. Mzee aliyenuna anarudi nyumbani kwa miguu yake, anakaa mezani, na anasema mboga haina chumvi.