Écho Aliyoitaka Rigobert

Hewa Bora, Lubumbashi
Tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Joëlle,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwa mama. Huko Lusaka mnaendeleaje? Kifua cha shemeji kimepona? Watoto wanavaa sweta? Huku baridi imeingia kwa ukali na mama analalamikia magoti yake, lakini anakula vizuri na ulimi wake ni mzima kabisa. Mimi pia ni mzima, na nina furaha mbaya ambayo sioni haya kukueleza.

Kwanza asante kwa ile pedali ya gita. Kifurushi kililala mpakani Kasumbalesa kwenye foleni ya malori hadi nikaanza kuwatukana watu nisiowajua, ila kilifika salama. Nikipiga sauti moja inanirudia tena na tena, ikififia polepole. Nikibonyeza kwa mguu, inashika nilichopiga na kukizungusha bila kukoma, kisha napandisha kingine juu yake, na kingine, hadi nyumba nzima inajaa. Mama anasema nimefuga majini. Watu wote hapa wanaiita écho tu, kama ile ambayo wahubiri wanaipenda kwenye maikrofoni. Jina hilo ndilo lililomponza Rigobert.

Unamjua Rigobert. Baba alimfundisha gita, alikula bukari mezani kwetu, halafu baba alipofariki akaurekodi wimbo ambao baba alimtungia mama, akaenda kusema redioni kwamba ni wake. Mama aliusikia akiwa anakaanga samaki. Alizima redio, akawaacha samaki waungue. Tangu hapo nimemchukia Rigobert bila kupumzika, hata kanisani.

Sasa wiki iliyopita tulifanya levée de deuil ya baba, tukavua nguo za kilio. Wazee wa familia walimkaribisha Rigobert aimbe, eti ni kama mtoto wa nyumba, nami nimpigie gita. Nilikubali haraka mno. Mama alinitazama kwa shaka.

Wakati wa kujaribu vyombo viti bado vilikuwa vitupu. Rigobert akanijia kwa madaha: "Wivine, uniwekee écho kidogo, sauti yangu iko kavu." Nikapitisha maikrofoni yake kwenye pedali. Kiki, mpiga besi wake, akamuuliza kama atamtaja baba kabla ya kuimba wimbo ule. Kiki alipouliza tu, nilibonyeza. Rigobert akacheka, mdomo karibu na maikrofoni: "Ya nini? Muzee alisha kufa. Nani atakatala?"

Yaani hakuna aliyebaki wa kukataa kwamba wimbo ni wake. Alidhani écho inarefusha sauti tu na kuiacha ipotee. Hakujua kwamba hii yangu inashika. Nikaihifadhi, nikaendelea kukaza nyuzi.

Watu walipojaa uani, akatangaza: "Hii nyimbo niliitunga miye mwenyewe." Nikaanza taratibu. Sauti nzito chini, ikazunguka. Juu yake mlio mrefu wa nyuzi, kama mvua inayopita mbali. Juu yake ule mwendo wa baba. Rigobert alifumba macho, akaona nampamba. Hapo nikamfungulia sauti yake.

"Muzee alisha kufa. Nani atakatala?" Ikazunguka, ikarudi, mwisho wake ukikatikakatika: atakatala, takatala, tala. Rigobert aliitazama maikrofoni kana kwamba imemuuma. Tantine Mwaba, dada yake baba, akasimama na kukaza kitenge chake: "Miye nakatala." Sauti iliporudi kuuliza, ua mzima ukajibu: "Shiye tunakatala."

Ningeweza kuikata, yaya, mguu ulikuwa pale pale. Niliiacha impigie mpaka akapita katikati ya viti na kutoka getini, na huko barabarani bado ilikuwa inamuuliza. Sijawahi kula sombe tamu kama ya siku ile.

Kesho yake mkewe, Syntiche, alikuja kuniomba niifute. Nikaifuta mbele yake, maana haikuwa na kazi tena. Watoto wa mtaa wameyafanya maneno yale mchezo kuanzia asubuhi, mmoja anauliza na wengine wanajibu, na Rigobert anapita barabara ya nyuma.

Lakini jana mama aliniomba nimpigie wimbo wake mtupu, bila pedali, kama baba alivyompigia. Nikakaa mlangoni, nikaupiga kwa uangalifu wote nilio nao. Nilipofika pale katikati ambapo gita hunyamaza kidogo, mama, akiwa anaanika nguo, akajibu kwa sauti ndogo: "Shiye tunakatala." Hakugeuka. Nadhani hata hakujisikia akisema.

Niliweka gita chini. Nilitaka kumtoa Rigobert kwenye wimbo wa baba, na sasa yumo ndani, kwa maneno yake mwenyewe, hata kichwani mwa mama. Hilo nalo ni deni lake, na sijamaliza naye.

Nisalimie shemeji, mwanangu Nono na mdogo wake Dieumerci. Tantine Mwaba anakusalimu, anadai ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na wote tunaowapenda. Rigobert nimemwacha nje ya baraka hii kwa makusudi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wivine