Jambia la Ofisa wa Meli Lililofika Daudi

Zahanati, Daudi
Mbulu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna utulivu, na sababu yake inakuhusu wewe. Barua anaileta mwenzangu wa zahanati anayekuja likizo huko Tanga, maana nimeogopa kuitia posta. Mpe mdogo wangu Zubeda akusomee mlango ukiwa umefungwa.

Unajua ugonjwa wangu wa majambia. Wewe husema ni visu vya maonyesho, nami hukujibu kwamba ni kweli, hayakati hata kitunguu. Ofisa wa jeshi la majini alivaa jambia kiunoni siku ya gwaride, basi. Tangu baba aachiwe moja na yule Mwingereza ambaye yeye alikuwa mpishi wake bandarini, nimetafuta nikapata mengine matatu, na yote manne ninayo huku. Watu hucheka kwamba nesi anakusanya silaha. Mimi napenda kazi ya mikono iliyomo, ile nanga ndogo kwenye mpini, zile kamba nyembamba za shaba.

Sikutegemea kukuta jingine huku milimani, ambako wengi hawajaiona bahari. Bibi Paskalina, mjane ninayemfunga kidonda cha mguu kila wiki, alinisikia nikiyasimulia. Akasema, "Nesi, kwangu kuna kisu chenye ndoano kubwa." Nikamfuata nyumbani. Alilitoa kwenye kihenge cha mahindi, limeviringishwa ngozi ya ndama. Mpini ni wa pembe, umegeuka rangi ya samli, ile ndoano kumbe ni nanga, na kwenye bapa imechorwa meli yenye matanga. Baba yake alikuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani. Ofisa mmoja aliyebaki bila meli alimwachia alitunze kabla hajafa kwa homa njiani.

"Hakuna mwenyewe wa kumrudishia," bibi alisema, "na mimi nimezeeka. Wewe unajua kulifuta. Chukua."

Sikujua kwamba mwanawe, Tluway, ameshamwahidi mtu mwingine. Tangu biashara iachiwe huria, wanunuzi wanafika mpaka vijijini, wengine wanataka vitunguu saumu, wengine vitu vya kale. Jumatatu mmoja wao alikuja zahanati. Akakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wa kliniki, ametulia kabisa, mpaka wa mwisho akatoka. Kisha akafunga mlango.

"Sista, una kitu changu."

"Kitu gani?"

"Tusisumbuane. Chumba chako ni kile cha pili, nyuma ya zahanati. Kitasa chake kibovu."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Kitasa kweli ni kibovu. Nikasema, "Halipo. Nimelituma kwa mama yangu, Tanga."

"Tanga sehemu gani?"

Nami nikautaja mtaa wetu, mama. Akauandika kwenye paketi ya sigara, akaaga.

Hilo ndilo ninalokuungamia. Jambia lilikuwa chini ya godoro langu, na mimi nikakuweka wewe mbele uwe ngao yangu.

Siku mbili chakula hakikupita. Nikisikia gari, nachungulia dirishani. Niliwaza kwamba akifika utamfungulia, utamkaribisha chai, kwa sababu atakwambia ametumwa na mimi. Siku ya tatu nilikwenda kwa Bibi Paskalina nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alichukua fimbo yake, tukaenda polepole na bandeji yake mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akamwita Tluway, na yule mnunuzi akaja naye, anatabasamu.

Nililiweka jambia mezani, na yale yangu manne pia, la baba likiwemo. Nikasema, "Huyu nilimdanganya. Tanga hakuna kitu. Mama yangu hajui lolote."

Mtendaji akamuuliza bibi lile la meli ni la nani.

"La marehemu," akajibu. "Baba yangu alilitunza tu. Tluway, wewe utauza cha nani?"

Tluway akamgeukia mnunuzi, akamwambia, "Nimeshindwa, ndugu. Ni la mama."

Yote matano yakafungiwa kabatini pale ofisini mpaka afisa utamaduni wa wilaya ayaone. Huenda nisiyapate tena. Sikulia, nilitaka tu yatoke mikononi mwangu.

Lakini mnunuzi alipokuwa anapanda gari alinigeukia akasema, "Tanga mimi hufika mara kwa mara, sista." Basi, akaondoka. Pengine alinitisha tu. Pengine anadhani nimebakiza jingine huko. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonila. Mtendaji ameandika namba ya gari lake, na kitasa nimebadilisha, lakini mtaa wako siwezi kumsahaulisha.

Kwa hiyo mama, safari hii usibishe. Barua ikiisha kusomwa, fungasha, uende na Zubeda kwa kaka Athumani, Muheza.

Nisalimie kaka na wifi, waambie wakupe kile chumba cha ndani. Msalimie shangazi. Jirani yetu fundi cherehani mwambie asimwonyeshe mgeni yeyote mlango wetu, hata akitaja jina langu. Bibi Paskalina anakusalimu. Amesema Jumapili atakuombea kanisani, na mimi nakuombea kila swala.

Nijibu ukiwa Muheza, si kabla.

Mwanao aliyekukosea,
Saumu