Baiskeli Nyepesi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Februari

Nashusha mawe tangu asubuhi. Vumbi tupu. Kushusha si shida sana. Shida ni kurudi juu na baiskeli tupu. Yangu ya chuma, na Fundi Masanja kaiongezea nondo, moja chini ya bomba la juu, nyingine kwenye keria. Haivunjiki. Lakini kuipandisha mlima huu ni kama kuvuta ng'ombe asiyetaka josho.

Vijana wananipita. "Baba Kabula, unasukuma trekta?" Nikawaambia trekta halina mdomo kama wao. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Goti limevimba. Zamani ningemwambia Mama Kabula. Amekufa. Naandika.

Jumanne, 4 Februari

Mama Shija kaja mlimani. Duara, hili shimo la dhahabu, ni lake. Sisi wote tunambebea yeye, kutoka duarani mpaka kule chini kwenye karasha, mawe yakasagwe. Kasema karasha linakaa bure linasubiri mawe. Kasema wiki ijayo Ijumaa anachagua wabebaji wa kubaki. Wanaochelewa waondoke. Akaniangalia. Au mimi ndiyo nimeona hivyo.

Nikitolewa hapa sina pengine. Maduara mengine yana watu wao. Shamba la Samuye lilinishinda. Kabula yuko Ngokolo kwa bibi yake, anasoma, na anakula kwa mgongo huu. Basi.

Alhamisi, 6 Februari

Shemeji Kulwa, mdogo wake marehemu, karudi kutoka Mwanza na baiskeli ya ajabu. Mtumba wa Ulaya. Matairi mapana. Shokapu mbele, shokapu nyingine katikati ya fremu. Anasema wazungu wanateremkia milima nayo, mchezo tu, halafu wanapanda gari kurudi juu.

Fundi Masanja akauliza, "Sasa wanakuwa wameshusha nini?"

"Wanajishusha wenyewe."

Watu walikaa chini kwa kucheka.

Nimeinyanyua kwa mkono mmoja. Nyepesi kama mbuzi. Nimeitamani.

Ijumaa, 7 Februari

Kulwa kaipakia viroba viwili leo. Shokapu ikazama, tairi la nyuma likasugua kiroba mpaka kikatoboka. Mawe yote njiani. Mama Shija kafoka.

Nimeiangalia vizuri. Haina nafasi ya kiroba. Kwenye yangu kiroba kimoja kinakaa ndani ya fremu, chini, kati ya magurudumu. Inatulia. Kwenye ile, pale katikati pamejaa shokapu, mzigo wote unaenda nyuma. Mbele kunabaki kwepesi, usukani unayumba kama mlevi.

Lakini kurudi juu Kulwa alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilikuwa natema mate.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Kulwa kaja nyumbani. Tumekula michembe ya viazi na chai. Alizunguka sana, mara mvua, mara ng'ombe wa baba yake. Mwisho akasema, "Shemeji, tubadilishane. Wewe umezeeka, chukua hiyo nyepesi. Mimi bado nina misuli, nipe trekta lako."

"Nimezeeka lini?"

"Tangu umuoe dada yangu. Alikuchosha."

Najua kwa nini anaitoa. Haiwezi mzigo. Na yeye anajua kwamba najua. Nimekubali hivyo hivyo. Ijumaa iko karibu.

Jumatatu, 10 Februari

Kwa Fundi Masanja asubuhi. Nilitaka shokapu isizame. Ikatolewa ile ya katikati, fundi akachonga kipande cha mti wa mgunga, akakiweka pale pale, akakaza bolti. Haizami tena. Ngumu kama punda.

Keria imemshinda kuchomelea. Bodi yake, yaani fremu, si chuma, ni bati la sufuria. Moto ukigusa inayeyuka. Tumeifunga keria kwa mipira ya tyubu, mizunguko mingi.

Fundi kasema chuma kikichoka kinapinda kwanza, kinakuomba umwite fundi. Hii hajui inaombaje. Alisema huku anacheka. Mimi nilikuwa naifuta vumbi.

Jumatano, 12 Februari

Imefanya kazi. Nimepanda mpaka juu bila kusimama kupumua. Hakuna aliyetaja trekta. Mama Shija kanisalimia yeye kwanza, kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Baba Kabula." Nikamjibu "Mhola, mayu," nikapakia haraka asije akaona natabasamu.

Kulwa yuko nyuma na chuma changu. Kurudi juu jasho linamtoka mpaka kwenye viatu. Ila akiteremka, kiroba kimekaa katikati kimetulia, anatembea nacho kama anamsindikiza mkewe.

Yangu mteremkoni inagonga. Kila jiwe nalisikia kwenye meno. Mti hauna huruma. Breki zake za kisahani zinashika vizuri, halafu zikipata moto zinaachia. Nasaidia kwa mguu, nakandamiza katambuga kwenye tairi la nyuma. Inanuka mpira. Lakini napanda haraka. Mama Shija anahesabu wanaofika juu.

Alhamisi, 13 Februari

Kuna mlio. Tik. Pale mti unapokutana na bodi. Ni nikiwa na mzigo tu, tena kwenye kona.

Nimepaka grisi. Umenyamaza.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Shija kachagua. Nimo. Kulwa naye yumo, wa mwisho kutajwa, na kelele alizopiga utadhani kaoa. Tumekunywa soda. Wengine wamefunga viroba vyao wakaondoka. Hawakuaga.

Mlio umerudi kabla ya saa sita. Sijamwambia mtu. Nikisema baiskeli mbovu, kuna mtu anasubiri nafasi yangu. Yuko pale pale chini ya turubai, namwona.

Jioni mvua.

Jumanne, 18 Februari

Naandika nimelala. Zahanati wamenifunga plasta. Kifundo cha mguu wa kulia kimevunjika.

Ilikuwa Jumamosi. Njia imekuwa tope. Viroba vyenyewe vimelowa, vizito kuliko siku zote. Kona ya chini, ile yenye mtaro, breki zikaachia. Nikaweka mguu kwenye tairi. Tope. Katambuga ikateleza. Gurudumu la mbele likapiga jiwe na fremu ikakatika. Haikupinda. Haikuomba. Ilikatika kama muwa. Mbele ikabaki mikononi mwangu, nyuma ikaja na viroba. Kimoja kikanilalia mguu.

Kulwa alikuwa nyuma yangu na chuma. Na mzigo ule, kwenye tope lile, chuma hakisimami. Angenipitia juu. Akakitupa mtaroni na viroba vyake vyote, yeye akaanguka upande wa pili.

Akaja anatambaa. "Shemeji, uko hai?"

"Niko."

"Basi tulia usijigeuze, mguu wako unaangalia Mwadui."

Nikacheka. Nilikuwa nalia na nikacheka.

Ule mti wa mgunga haukuwa na hata ufa. Bodi ndiyo imekatika, pale pale palipokuwa panalia. Shokapu ikizama, ilikuwa inabeba kipigo. Sisi tukaitoa, tukaweka mti usiobeba kitu, kipigo chote kikaenda kwenye bati. Fundi Masanja kaja kuniona, kakishika kipande mkononi muda mrefu.

Nina hasira. Si na fundi, si na Kulwa. Nilisikia mlio nikaupaka grisi.

Ijumaa, 21 Februari

Mama Shija kaja na mchele na sukari. Kakaa kwenye kiti, mkoba mapajani. Kaniuliza habari ya mguu, habari ya Kabula. Halafu akasema nafasi yangu amempa mtu, maana karasha halisubiri mguu. Alisema kwa upole. Sikumwomba. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kulwa alikuwepo. Kapandisha sauti. "Mayu, huyu alivunjika kwenye kazi yako!" Nikamwambia anyamaze. Mama Shija akaondoka bila kumaliza chai.

Alipotoka Kulwa akasema anirudishie baiskeli yangu. Nikamuuliza niipandishe kwa mguu upi. Abaki nayo, abebe. Kila wiki ampelekee Kabula chakula. Kakubali. Kauliza kama anaweza kukata nondo moja ipungue uzito. Nikamwambia akate ya keria. Ya bomba la juu akiigusa, mimi na yeye si mashemeji tena.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala tu. Nyumba kimya. Kabula kanipigia simu kutoka kwa bibi yake, anauliza nitabeba lini tena. Nikasema sijui. Kweli sijui. Niliogopa nilipokata simu.

Jumatano, 26 Machi

Plasta imetolewa wiki iliyopita. Leo nimeanza kuponda mawe, chini, karibu na karasha. Mawe makubwa hayaingii kwenye karasha, lazima yapondwe kwa nyundo kwanza. Ni kazi ya kukaa. Wengi ni akina mama. Mama Pendo, anayewasimamia, kanisogezea gunia la kukalia. Kanipa pete ya mpira wa tairi, unalizungushia jiwe lisiruke, vidole vinakaa mbali na nyundo. Kidole gumba nimekipiga hata hivyo. Kasema, "Hicho ni ada ya shule. Ukipiga cha pili tunakufukuza."

Wabebaji walikuwa wanapita. Kulwa hawezi kutoa mkono kwenye usukani akiwa mteremkoni, kwa hiyo anapiga kelele tu. "Shemeji!" Nikainua nyundo.

Mchana tumekula viazi. Walinipa kivuli.

Mpaka jioni rundo langu lilikuwa dogo kuliko ya wote. Wakalizoa, wakalimwaga kwenye karasha pamoja na ya wengine.